Kisima Kikavu cha Isidori Sulle

Serikali ilimsomesha Isidori Sulle miaka sita, minne Dar es Salaam na miwili Ulaya kwenye barafu, ili aje alambe mawe. Simtukani. Ndivyo kazi yake ilivyokuwa. Anaokota jiwe, analivunja kwa nyundo, analitazama kwa kioo cha kukuzia, halafu mbele za watu wazima analipitishia ulimi. Udongo wa mfinyanzi hunata ulimini, mwamba mwingine haunati, na hayo yote yameandikwa kwenye vitabu vya jiolojia. Lakini nenda wewe ukawaeleze akina mama wa sokoni Katesh, waliomwona mtumishi wa umma amechuchumaa kando ya korongo akionja changarawe saa nne asubuhi.

Kwao ni kijiji cha Daudi, juu kule Mbulu. Mama yake, Verediana, alitaka padre. Akakosa padre, akasema basi daktari. Akaletewa mwanajiolojia, neno ambalo hakuna jirani aliyeweza kulitamka bila kupumzika katikati. Alinuna mwaka mzima, mpaka katekista alipomweleza kwamba mwanawe ndiye anayewatafutia watu maji chini ya ardhi. Ah, hapo mama akapona. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya misa, akina mama wa jumuiya walipewa habari za Isidori, watake wasitake.

Huko Katesh mtaalamu alipanga chumba kwa Mama Sauda, mfanyabiashara wa vitenge na chumvi, nyakati zile chumvi ilipopatikana, maana mwaka huo wa themanini na tatu kulikuwa na foleni ya kila kitu ila foleni zenyewe. Chumba kilijaa mawe. Mawe dirishani, mawe chini ya kitanda, mawe kwenye makaratasi yenye namba. Jumapili, wenzake wakinywa bia, yeye alikuwa anapanda miguuni mwa mlima Hanang kutazama majivu yaliyotemwa na mlima huo zamani kabla ya babu wa babu zetu, na anarudi jioni na mfuko mzito na uso wa bwana harusi. Siku moja alikuta sampuli zake tatu bora zimekuwa mafiga, maharage yanachemka juu yake. Mama Sauda alimwuliza kwa utulivu kama mawe yakipata moto huwa yanaacha kuwa mawe. Isidori alitaka kumjibu kwamba kisayansi ndiyo, mengine huacha, lakini alikuwa na njaa, akala maharage.

Kazini alikuwa na Landrova yenye kila kitu isipokuwa dizeli. Dizeli ilikuwa kwenye shamba la ngano la serikali, ambako kombaini zilikunywa mapipa kwa mapipa zikivuna tambarare yote mpaka macho yanachoka. Kwa hiyo mtafuta maji wa wilaya alikwenda kutafuta maji kwa baiskeli, au juu ya magunia ya ngano, akiomba lifti. Kitu kimoja tu hakikumwangusha kamwe, nacho ni daftari la visima. Kila shimo lililochimbwa upande huu wa nchi lilikuwa humo: mahali, kina, miamba, maji kiasi gani. Aliliandika kwa mwandiko wa shule ya misheni, na tangu aanze kazi hakuwahi kuandika asichokiona kwa macho yake. Wenzake waliojaza madaftari yao wakiwa baa walimwona mshamba.

Basi ikatoka habari kwamba mtambo wa kuchimba visima utapita kijiji cha Gehandu na kuchimba kisima kimoja. Kimoja, si viwili. Kuna kitongoji pale, kimebanwa kati ya korongo kavu na mpaka wa shamba la ngano, ambako wanawake walikwenda maji alfajiri na kurudi jua likiwa utosini. Mwaka uliotangulia, Perpetua, mkwe wa mama mmoja aitwaye Bernadina, alijifungulia njiani na dumu likiwa bado mgongoni. Isidori alipoambiwa hilo hakulala vizuri. Akaenda akakaa kitongojini wiki tatu na mashine yake ya kupitisha umeme ardhini, anachomeka vyuma, anavuta waya, anasoma namba, anahamia mbele. Watu walidhani anaichaji nchi. Mwishoni alipata alichotaka: pembeni mwa shamba la mtama la Bernadina, chini sana, mwamba wa kale umepasuka, na kwenye mpasuko ndiko maji hukaa.

Hapo sasa ndipo msomi wetu alipoonyesha usomi. Alihitaji kigingi cha kuonyesha mahali pa kuchimba, kigingi kipakwe rangi kionekane. Rangi nyeupe haikuwapo mkoa mzima. Stoo ya shamba la ngano ikamsaidia kwa moyo mweupe: nusu kopo la rangi nyekundu. Akapaka, akapigilia, akaitisha mkutano, akawaeleza wazee kwamba hapa, kwenye kigingi hiki, yatatoka maji. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mzee Hhando, mkubwa wao, akamshukuru kwa niaba ya wote na akampulizia pombe ya baraka, kama ilivyo desturi. Isidori akapanda magunia ya ngano kurudi Katesh akiwa na furaha tele. Watu waliosomea Ulaya hudhani mtu akiitikia kwa kichwa amekubali.

Kile ambacho hakukijua, kwa sababu hakuuliza, ni kwamba miaka minne nyuma walikuja watu wengine na vigingi vyekundu. Nao waliitisha mkutano. Nao walisema maji, wakaongeza na zahanati. Msimu uliofuata matrekta yakapita juu ya boma la Mzee Hhando, na makaburi ya wazazi wake yakaota ngano nzuri sana, nasikia ya daraja la kwanza. Kwa hiyo kitongoji kizima kilipokiona kigingi chekundu pembeni mwa mtama wa Bernadina, hakuna aliyewaza maji hata kidogo.

Walifanya nini? Kukitupa ni kesi, na kukichoma ni kesi kubwa zaidi. Tena kwa watu wa huku mpaka ni kitu cha kuogopwa, hakuna anayeugusa mpaka wa jirani akabaki salama, laana yake inafuata hadi wajukuu. Wazee wakakaa wakalichambua jambo. Wakaamua kwamba kigingi hiki si cha jirani, ni cha serikali, na cha serikali kinastahili kukaa kwa serikali. Asubuhi moja kulipopambazuka, Mzee Hhando na wenzake wanne walikichomoa kwa adabu, wakapima kwa fimbo kilikuwa kimezama kiasi gani, wakakibeba hadi ng'ambo ya mpaka, wakakisimika ndani ya ngano ya shamba, kina kilekile, uso ukitazama upande uleule. Hawakuharibu hata ncha yake. Kisha wakaenda kunywa uji.

Mtambo ukafika wiki iliyofuata ukitokea Singida. Fundi wake, Nicodemo, alikuwa amechimba visima miaka ishirini na alikuwa na imani moja tu: fundi huchimba penye kigingi. Ramani kwake ilikuwa karatasi ya kufungia sigara. Isidori alikuwa amekwama Katesh akisubiri lita ishirini za dizeli zilizoahidiwa, na Nicodemo hakuona sababu ya kumsubiri mtu wakati kigingi kipo. Akaingiza lori ndani ya ngano, akaanza. Kitongoji kikatoka kutazama kwa mbali, na sijui kama kuna siku walifurahi hivyo: mashine ya serikali inakula ngano ya serikali. Watu wakaitana. Kwenye mita hamsini na nane maji yakaruka juu kupita lori.

Kicheko kikaisha.

Habari zilimfikia Isidori kwa redio kol ya ofisi. Pongezi, pongezi, maji hayajawahi kuonekana namna hiyo wilayani. Akapanda lori la ngano akiwa anapanga maneno ya unyenyekevu. Alipoona mtambo umesimama wapi, maneno yote yakamtoka. Alitembea mwenyewe kutoka mtamani kwa Bernadina hadi kwenye kisima, akihesabu: hatua elfu moja mia mbili na nane. Akafungua ramani yake. Pale penye maji mengi kuliko yote aliyopata kuyaona, alikuwa amepaka rangi ya kahawia kwa mkono wake na kuandika kwamba ni udongo mtupu. Miaka sita ya chuo, na wazee watano wenye fimbo wamemshinda bila hata kukusudia. Iliuma.

Meneja wa shamba alimkaribisha ofisini kwa chai yenye sukari, sukari kabisa, akampiga mgongoni. Bomba lilikuwa limeshafika kwenye bustani ya maua ya nyumba yake na mahali pa kuoshea kombaini. Kuhusu wanawake wa kitongoji, alisema wao si watu wabaya, wanaweza kuja kuomba maji kila Alhamisi, mashine zikishaoshwa, wakipitia kwa mlinzi. Nyuma ya kiti chake ilining'inia ramani ya mashamba mapya ya mwaka ujao. Isidori, ambaye hawezi kupita ramani asiisome, aliona ardhi ya kitongoji imeachwa nje ya mstari, na pembeni yake kwa penseli: hapafai, hakuna maji.

Alipotoka, redio ya lori la mtambo ikamwita. Mkuu wake wa kazi mkoani alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Gehandu imepata maji, kazi imekwisha, mtambo uondoke kesho kutwa kwenda Kondoa. Na Sulle ajiandae kuhamia makao makuu, kuna nafasi ya mtaalamu mkuu, nyumba ya serikali, na Landrova yenye dizeli. Isidori alisema ndiyo mzee, asante mzee, kisha akashuka kwenda kwa Bernadina na hasira zake.

Bernadina alikuwa anapepeta mtama. Isidori alimsalimu shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kigoda. Hakuhitaji kupeleleza. Mama yule alimweleza yote bila kupindisha, nani alibeba na nani alipima kina. Isidori akawaka. Kwa mara ya kwanza kitongoji kilimsikia akipaza sauti. Akasema wiki tatu alilala sakafuni kwao, akala chakula chao, akawaeleza kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw.

"Mama, mngeniuliza tu. Neno moja tu. Mngeniuliza."

"Wale wa kwanza tuliwauliza, mwanangu," alisema Bernadina. "Walitujibu vizuri sana, kama wewe."

 Mama yule akaweka ungo chini, na hapo akaanza kulia kimyakimya, kwa sababu alikuwa ameshaelewa walichofanya. Maji yaliyoletwa kwa ajili yao wameyabeba mabegani mwao wenyewe wakampelekea meneja akanyweshee maua.

Isidori alikuwa na njia mbili. Angesema ukweli, kwamba kigingi kilihamishwa, na polisi wangemchukua Mzee Hhando na wenzake wanne kabla ya jua kuzama. Angenyamaza, na angelala katika nyumba ya serikali. Alikaa pale kwenye kigoda muda mrefu akichora mistari vumbini. Kisha akarudi kwenye redio, akamwambia mkuu wake kwamba amefanya kosa: ameisoma ramani yake vibaya, kigingi amekipigilia yeye mwenyewe karibu kilomita moja nje ya mahali panapotakiwa, ndani ya shamba lisilohusika, kwa hiyo kisima cha kijiji bado hakijachimbwa.  Mkuu akatamka neno ambalo siliandiki hapa. Mwishoni akampa siku moja na nusu, si dakika zaidi, na akamwambia asahau habari za makao makuu.

Nicodemo alihamisha mtambo bila maswali, alipoonyeshwa kigingi kimerudishwa mahali pake pa zamani. Siku ya kwanza likatoka vumbi. Mita thelathini, vumbi. Mita hamsini, vumbi, tena jekundu. Isidori alisimama karibu akipokea kila kiganja cha udongo, anasugua, ananusa, anaweka mstarini. Wazee walikaa juu ya mawe wakitazama mbele, hakuna aliyemkebehi, na hilo ndilo lililomtesa zaidi. Usiku wa kuamkia siku ya pili alisali, jambo ambalo mama yake angelipenda kulisikia. Kufika saa tano na nusu, zikiwa zimebaki dakika thelathini mtambo ukunjwe, kwenye mita themanini na tatu udongo ukatoka ukiwa tope. Halafu maji. Hayakuruka. Yalipanda polepole ndani ya bomba la shimo, yakasimama mita nane kutoka juu, yakatulia. Bernadina aliyaonja wa kwanza. Alisema hayana magadi, akampa Perpetua, na Perpetua akanywa mpaka akakohoa.

Isidori akatoa daftari la visima. Alikuwa na furaha, nawaambia, kwa sababu mpasuko ulikuwa palepale alipousema, mita tatu tu tofauti na hesabu yake. Alikuwa ameshaandika tarehe Mzee Hhando alipomjia akiegemea fimbo.

"Mwanangu, hilo usiliandike."

Isidori alimweleza kwa heshima kwamba haiwezekani. Kisima kisichoandikwa hakipo. Hicho ndicho kiapo cha kazi yake, anaandika alichokiona, basi, hachagui.

"Wewe unaandika," alisema Hhando, "na wao wanasoma."

 Akarudi kwenye jiwe lake. Isidori alibaki na kalamu hewani, na kilichomjia si mwalimu wake wa Ulaya, ni ile penseli pembeni mwa ramani ya meneja. Hapafai, hakuna maji. Aliona namna daftari lake litakavyokwenda mkoani, namna karani atakavyonakili, namna nakala itakavyofika kwa meneja pamoja na salamu, na mtu mmoja mwungwana atakavyochukua kifutio. Wazee wale hawakuwa wajinga walipokihamisha kigingi. Walikuwa wamesoma kitu ambacho yeye hakukisoma kwa miaka sita.

Akaandika kwa mwandiko wake uleule mzuri: Gehandu, kisima cha pili, mita themanini na tatu, kikavu.  Nicodemo alisogea akatazama daftari, akatazama maji, akawasha sigara. Alisema yeye anachimba penye kigingi, kuandika si kazi yake. Kisha akakunja mtambo akaenda Kondoa.

Wiki ile ile Bernadina alijenga kihenge kikubwa cha mahindi juu ya shimo. Jamani, wanyimeni watu wa kitongoji kila kitu, lakini msiseme hawana akili. Fundi chuma aliwatengenezea ndoo nyembamba ya kipande cha bomba, ikishushwa kwa kamba inaingia vizuri. Wanawake waliingia kihengeni na kikapu kama wanaofuata mahindi, wakatoka na dumu la maji ndani yake. Mameneja wawili walipita pale kwa nyakati tofauti, na wa pili aliwasifu kwa kuhifadhi chakula.

Barua ya onyo haikuchelewa. Mwanajiolojia Sulle amepoteza lita mia nne za dizeli ya taifa kuchimba shimo kavu, baada ya kupotea kwenye ramani aliyoichora mwenyewe. Akatolewa kwenye maji, akapelekwa kupima mchanga wa barabara. Ofisini alipewa jina la Mita Themanini na Tatu. Wageni wakija, wenzake walifungua daftari kwenye ukurasa ule wakawaonyesha, na yeye akiwapo alicheka nao. Wataalamu wawili waliomfuata walitazama vipimo vyake vya umeme wakashangaa, wakasema hata mtoto angeona kwamba pale maji yapo. Aliwajibu kwamba kweli, hata yeye hajui alikosea wapi.

Habari ilipanda mlima ikafika Daudi kabla yake. Alipokwenda Krismasi alikuta mama yake haendi tena kusimama na akina mama baada ya misa, anatoka kwa mlango wa pembeni. Verediana hakumgombeza. Alimkalisha, akampakulia makande, akangoja amalize. Kisha akamwuliza, akimtazama usoni kama anavyotazamwa mtoto aliyetoka kuungama, kama ni kweli wanayosema watu, kwamba serikali ilimpa mtambo mzima na hakupata maji.

Ni mama yake. Angeweza kumwambia. Lakini Verediana akipewa habari hiyo Jumamosi, Jumapili parokia nzima ingekuwa nayo, na Jumatatu ingefika Katesh.

"Sikupata, mama," alisema.

Macho yakamlengalenga mama. Halafu akainuka, akachota kikombe cha maji ya chemchemi kutoka mtungini, akamwekea mbele yake.

"Basi kunywa haya, mwanangu," alisema. "Haya yalikuja yenyewe."

Isidori alikinywa chote, akamrudishia kikombe, akasema asante.